Mafundi wa Maji ya Kina

Mwaka 1963 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuchemshia bia yake kwa moto uliotoka ziwani. Kiwanda chenyewe, Bralirwa, kilianzishwa mwaka 1957 na kikajengwa kando ya maji huko Rubona, mwendo mfupi kusini mwa mji. Kiwanda cha bia hula mvuke kutwa kucha: kimea kinapashwa moto, maji yake matamu yanachemshwa, chupa zinaoshwa. Mafuta ya boila yalitoka pwani ya Bahari ya Hindi, yakavuka nchi nzima mbili kabla ya kuanza kupanda milima ya Rwanda, na kila kilomita iliongeza bei. Ndipo kampuni ya Kibelgiji ya Union Chimique Belge ilipojenga mtambo mdogo pale Rubona. Bomba likashushwa mita mia tatu na kitu ndani ya Ziwa Kivu, gesi ya methani ikapanda, boila zikawaka. Mtambo huo ulifanya kazi kwa miaka arobaini hivi, ukapita mapinduzi, vita na mauaji ya kimbari ya 1994, hadi ulipopumzishwa mwanzoni mwa karne hii.

Siku hizi mazungumzo ya gesi ya Kivu huanzia kwenye megawati na mikataba. Mimi naanzia Rubona kwa sababu ufundi wenyewe ulizaliwa pale, ukiwa mdogo wa kutosha kuzungukwa kwa miguu, na kwa sababu mambo yote magumu ya kazi hii yalikuwemo tayari katika mtambo ule wa boila mbili tatu: namna ya kuyapandisha maji, namna ya kuitenga gesi njema na gesi mbaya, na swali gumu kuliko yote, yale maji yaliyokwisha kukamuliwa yapelekwe wapi.

Ili kuuheshimu ufundi huu inabidi kwanza kulijua ziwa. Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano ya Nyiragongo, na kina chake kirefu kabisa ni mita 485 hivi. Anayelitazama kutoka ufukwe wa Gisenyi, wenye michikichi, hoteli za zamani na vijana wanaoogelea jioni, anaona ziwa kama maziwa mengine. Na kweli mita kama sitini za juu ni ziwa la kawaida. Zina oksijeni, upepo wa kiangazi huzikoroga kuanzia Juni hadi Agosti, na ndimo wanamoishi sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wa Rubona huwafuata usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, wakipiga kasia kwa kuimba.

Chini ya hapo oksijeni inakwisha na samaki wanakwisha nayo. Ukizidi kushuka, maji yanazidi kuwa na chumvi na, jambo linalomshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza, yanazidi kuwa ya moto. Chini tu ya tabaka la juu ni nyuzi 22 na kitu, sakafuni karibu 26. Kwa kawaida maji ya moto hupanda. Haya hayapandi, kwa sababu chumvi na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake imeyafanya mazito kuliko maji baridi yaliyo juu yake. Mbelgiji Hubert Damas, aliyelipima ziwa hili katikati ya miaka ya 1930, ndiye aliyeiletea dunia habari ya mpangilio huo wa kichwa chini miguu juu. Karibu na mita 260 kuna mpaka mkali: juu yake maji mepesi, chini yake maji mazito yaliyojifungia kwa karne nyingi bila kuonana na hewa.

Humo ndimo ilimo gesi. Chemchemi za moto zenye chumvi zinaingia chini ya ziwa, hasa upande wa kaskazini, zikiwa ndugu wa zile za Nyamyumba ambako watu wa Rubavu, wilaya uliko mji wa Gisenyi, huenda kukanda viungo vyao. Zinaleta hewa ya ukaa kutoka kwenye miamba ya volkano. Sehemu ya hewa hiyo hugeuzwa methani na vijidudu visivyohitaji oksijeni, na vijidudu vingine hutengeneza methani kutokana na mabaki ya mimea na viumbe vinavyozama kutoka juu. Kazi hiyo imeendelea kwa muda mrefu hata sasa ziwa limehifadhi methani kama kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa mara tano ya hiyo, kilomita za ujazo 300 hivi.

Kiasi hicho ni kikubwa mno kukiona akilini, basi tukirudishe kwenye lita moja. Lita moja ya maji kutoka mita 350 imebeba karibu lita mbili za hewa ya ukaa na zaidi kidogo ya theluthi moja ya lita ya methani, zote zimeyeyuka, hakuna hata kiputo. Ni uzito wa maji yaliyo juu unaozishikilia. Chupa ya sampuli ikivutwa hadi juu na kufunguliwa, maji yanafoka kama soda iliyotikiswa, na harufu ya mayai viza inajaza mashua, maana ndani yake mna pia salfidi hidrojeni. Anayeinusa mara moja haisahau. Methani yenyewe haina harufu wala rangi, na ndiyo inayotafutwa.

Sasa tuje kwenye bomba.

Fundi anashusha bomba hadi kwenye maji yenye gesi, anawasha pampu na kuyavuta juu. Maji yanapanda polepole, uzito uliokuwa unayabana unapungua, na kwenye kina fulani viputo vya kwanza vinatokea. Vinakuwa vingi, vinakua, vinafanya maji ya ndani ya bomba yawe mepesi kuliko maji ya nje. Hapo maji ya nje, kwa uzito wake, yanaanza kuyasukuma ya ndani kwenda juu. Fundi anazima pampu. Maji yanaendelea kupanda yenyewe, saa baada ya saa, mwezi baada ya mwezi, bila tone la mafuta, mpaka mtu afunge vali. Nguvu inayoyapandisha ni ile ile gesi iliyokuwa inatafutwa. Mimi sijui kazi nyingine ya uchimbaji ambamo mzigo unajibeba wenyewe namna hii, na kila ninapoufikiria wakati ule pampu inapozimwa na maji yasisimame, naona hapo pana uzuri ambao wahandisi wanastahili kuusifia waziwazi.

Vimiminika vinavyojisukuma havikuanza Kivu. Hidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa duka la dawa ikiwa dhaifu kwa kuoshea vidonda, ikikolezwa na kupitishwa kwenye kichocheo hugeuka ghafla kuwa mvuke wa moto na oksijeni. Wajerumani waliitumia kuzungushia pampu za roketi za V-2 katika Vita vya Pili vya Dunia, na roketi za Soyuz za Urusi zimeendelea kuitumia kwa kazi hiyo hiyo. Wapo wanaoitamani hadi leo kwa mitambo midogo ya umeme, kwa kuwa haihitaji hewa na haitoi moshi. Ila haichimbwi popote. Lazima itengenezwe kiwandani kwa hidrojeni, na hidrojeni nyingi ya viwandani hutolewa kwenye methani. Kwa mtu wa Rubavu huo ni mzunguko wa bure: angeichukua methani ya ziwani, aigeuze, aigeuze tena, kisha apate sehemu tu ya nguvu aliyoanza nayo. Na ikivuja haina huruma. Manowari ya Kirusi Kursk ilizama tarehe 12 Agosti 2000 na watu 118 baada ya peroksaidi kuvuja ndani ya torpido. Hapo Kivu na peroksaidi zinafanana: katika vyote viwili, ufundi ni kuiachia gesi mahali pake, kwa kiasi chake, na si vinginevyo.

Mahali pa kuiachia gesi ya Kivu pamefikiriwa sana. Ungeyafikisha maji juu kabisa, gesi zote zingetoka kwa pamoja, na hewa ya ukaa ingeizidi methani kwa wingi. Mchanganyiko huo hauwaki vizuri. Basi mafundi wa sasa hawayafikishi juu. Wanaweka chombo cha kutenganishia ndani ya maji, kwenye kina cha mita kama ishirini, ambako bado pana mgandamizo karibu mara tatu ya ule wa hewani. Methani haipendi kukaa majini. Kwa mgandamizo huo nyingi yake inatoka. Hewa ya ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara ishirini kuliko methani, kwa hiyo sehemu yake kubwa inabaki ndani ya maji na kurudi nayo. Mita ishirini hizo ni mapatano. Ukishusha chombo zaidi unapata gesi safi zaidi lakini methani nyingi inakuponyoka ikiwa bado imeyeyuka. Ukikipandisha unapata methani yote na uchafu wake wote. Watu wamekaa na hesabu hii miaka na miaka, wakikisogeza chombo mita chache huku, mita chache kule.

Gesi iliyotoka bado haijawa tayari. Inapitishwa kwenye minara ya kuoshea: gesi inapanda, maji ya juu ya ziwa yanashuka, na yanapokutana maji yanachukua hewa ya ukaa iliyosalia pamoja na ile salfidi hidrojeni inayonuka na kula vyuma vya injini. Hakuna dawa inayotiwa. Maji ya ziwa yanaisafisha gesi ya ziwa. Hapa tena kuna kiasi. Ukiosha kidogo, injini zinaumia. Ukiosha kupita kiasi, maji yanaanza kuichukua na methani yenyewe, nawe unaimwaga mali uliyokwisha kuivua. Inayotoka juu ya mnara huwa na methani asilimia 80 hivi au zaidi, na hiyo inatosha kabisa kuendesha injini ya gesi au kuwasha boila ya kiwanda cha bia.

Nimefanya hesabu ya haraka ambayo msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu. Mita moja ya ujazo ya maji ya kina, yaani madumu hamsini ya lita ishirini, ikikamuliwa vizuri na gesi yake ikachomwa kwenye injini nzuri, inatoa umeme wa uniti moja hivi. Uniti moja! Ile ile inayohesabiwa kwenye mita ya nyumbani. Mtambo mdogo kama ule wa Rubona uliweza kufanya kazi kwa maji yasiyo mengi. Lakini mtambo wa megawati 26 unahitaji mita za ujazo zipatazo saba kila sekunde, usiku na mchana. Huo ni mto kamili unaopandishwa kutoka gizani na ambao, baada ya kukamuliwa, lazima uelekezwe mahali.

Kwangu mimi, fundi wa Kivu anajulikana hapa, kwenye bomba la kurudishia. La kupandishia linapendeza machoni na watu wa magazeti hulipiga picha. La kurudishia halionekani, halileti fedha, na ndilo lenye kubeba usalama wa wote.

Maji ya kina yamejaa mbolea, fosfeti na amonia iliyojikusanya kwa karne nyingi, na yana ile sumu ya mayai viza, na hayana oksijeni. Yakimwagwa juu, mwani utaota kupita kiasi, samaki watakosa pumzi, na wavuvi wa mitumbwi mitatu watarudi alfajiri na nyavu tupu. Yakirudishwa chini kabisa yatachanganyika na maji ambayo bado hayajachimbwa na kuyazimua, ili kesho kila mita ya ujazo itoe umeme pungufu. Yakirudishwa katikati pasipo uangalifu, yanaweza kuusugua ule mpaka wa mita 260 na kuupunguza ukali wake. Na mpaka huo ndio kifuniko cha ziwa lote.

Kila mtu wa Gisenyi, na wa Goma ng'ambo ya mpaka wa Kongo, anajua hewa ya ukaa inavyoua, kwa kuwa anaijua mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini na kutulia kwenye mabonde madogo na mashimo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mbuzi anaingia kunywa maji asubuhi, halafu mwenye mbuzi anamkuta amelala. Watoto wanafundishwa sehemu za kutopita. Mazuku ni kidogo tu cha kile kilicho ziwani. Nchini Kamerun, ziwa dogo la Nyos lilipovurugika usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa wingu la hewa ya ukaa lililoua watu zaidi ya 1,700, wengi wakiwa usingizini. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara maelfu, na kandokando yake, pande zote mbili za mpaka, wanaishi watu zaidi ya milioni mbili. Simwandikii msomaji haya ili kumtisha. Maji ya Kivu bado yako mbali na kujaa gesi kiasi cha kupasuka yenyewe, na kuitoa methani taratibu kunapunguza hatari badala ya kuiongeza, ilimradi kifuniko kiachwe salama. Nayaandika ili ieleweke kwa nini mtu anaweza kutumia sehemu kubwa ya maisha yake akishughulika na kina cha bomba la maji machafu.

Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa Rwanda, Kongo na nchi nyingine lilitoa miongozo ya uchimbaji wa gesi ya Kivu, na ukiisoma unaona sehemu kubwa yake ni kuhusu kurudisha: maji yarudi kwenye tabaka lenye uzito unaolingana nayo, yasiguse sehemu ya samaki, yasipunguze uthabiti wa ziwa. Usalama mbele, mazingira yafuate, kisha faida. Maji yaliyokamuliwa yamepoteza methani iliyokuwa inayapunguzia uzito na hewa ya ukaa iliyokuwa inayaongezea, kwa hiyo uzito wake mpya haujulikani kwa kukisia. Lazima upimwe, kisha utafutwe mahali pake ndani ya ziwa. Fundi mzuri anayaachia maji pale ambapo yatatulia yenyewe, yasizame wala kuelea.

Kupima ni nusu ya pili ya ufundi huu, na wapimaji wako Gisenyi. Tangu mwaka 2008 kumekuwa na mpango wa serikali wa kulifuatilia Ziwa Kivu, wenye makao yake pale mjini, na kazi yao ni kwenda ziwani kushusha vipimo, mwezi huu na ujao na unaofuata. Kifaa kinashuka taratibu kwa waya, kikiandika joto, chumvi na oksijeni. Kwenye skrini mstari wa joto haushuki kwa mteremko laini. Unashuka kwa vidato: unanyooka kwa nusu mita, unaruka kidogo, unanyooka tena, unaruka tena, mamia ya vidato mpaka chini. Kila kidato ni tabaka jembamba la maji lililojikoroga lenyewe na kutengwa na jirani yake kwa mpaka mwembamba zaidi. Ziwa limejipanga hivyo bila msaada wa mtu yeyote. Mpimaji aliyezoea huitazama michoro hiyo kwa makini ya mganga anayesikiliza moyo wa mgonjwa anayemfahamu, na akiona vidato vimebadilika mahali ambapo bomba linarudisha maji, anajua pa kuuliza.

Subira ya wapimaji imeshalipa. Mjerumani Klaus Tietze alipima gesi za Kivu kwa makini katikati ya miaka ya 1970, na takwimu zake zikawa msingi wa kila kitu. Miaka thelathini baadaye vipimo vipya vilionyesha kwamba methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20, na hofu ikaenea kwamba ziwa linajaa haraka. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa sababu hofu huleta fedha na vichwa vya habari. Badala yake, mwaka 2018 makundi kadhaa ya watafiti yalikutana Kivu na vifaa tofauti, yakapima maji yale yale kwa njia tofauti, yakalinganisha. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2020, hayakuona ongezeko la maana tangu siku za Tietze. Hilo nalo ni tunda la ufundi: kurudi kupima jambo ambalo kila mtu anadhani analijua.

Ziwa lenyewe limeshatiwa majaribuni mbele ya macho yetu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, maji yakachemka ufukweni. Waliopima baadaye waliyakuta matabaka ya kina yametulia. Mei 2021 volkano ikalipuka tena, matetemeko yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi kwa siku kadhaa, maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka na magodoro kichwani. Kifuniko kilishika tena. Atakayelivuruga Kivu kwa bomba baya atakuwa amefanya ambacho volkano haikufanya.

Mitambo mikubwa nitaipitia haraka. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliwasha mtambo wa majaribio ulioelea mbele ya Rubavu, uliojulikana kama Kibuye Power 1, wa megawati chache tu. Kutoka hapo wahandisi wa Kinyarwanda walijifunza kwa mikono yao yale ambayo Rubona iliwafundisha baba zao. Kisha ikaja KivuWatt ya kampuni ya ContourGlobal, upande wa Karongi: tishari kubwa limetiwa nanga kilomita 13 ziwani, mabomba yanashuka mita 350, gesi inasafirishwa hadi injini zilizo nchi kavu, megawati 26, mtambo uliozinduliwa na Rais Kagame Mei 2016. Na huku Rubavu umejengwa mtambo wa Shema Power wa megawati 56. Yote ni mizuri, na umeme wake unaonekana milimani usiku. Ila mimi ninapoyasoma maelezo ya mitambo hii siwezi kuacha kuwaza kwamba watu wa boila wa Rubona walikuwa wameshakutana na kila tatizo lake wakati megawati hazijatajwa.

Watu hao hawaandikwi. Walikuwa mafundi wa mabomba, wachomeleaji, waangalizi wa zamu ya usiku waliokaa wakisikiliza mlio wa maji kwenye bomba, wakijua kwa sikio kwamba mtiririko umepungua kabla ya kipimo kuonyesha. Huenda baadhi yao wako hai bado, wazee wa Rubona na Nyamyumba. Wanajua namna mashapo yanavyoganda ndani ya bomba, chuma gani kilidumu na kipi kililiwa na gesi, upepo gani wa ziwani ulilazimisha kufunga vali. Mambo hayo hayamo kwenye ripoti ninazozijua, na wenye nayo wanazeeka. Chuo kikuu kinachofundisha uhandisi Rwanda, au kile cha Goma ng'ambo ya mpaka, kingewatuma wanafunzi wachache wakakae nao na daftari, na wawarekodi kwa lugha wanazozizungumza, Kinyarwanda na Kiswahili.

Jambo hili lina haraka kwa sababu upande wa pili nao unakuja. Julai 2022 serikali ya Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Ni haki yake. Ziwa ni la nchi zote mbili, na Goma na Bukavu zinahitaji umeme kuliko maneno yanavyoweza kueleza. Mwanamke wa Goma anayepikia mkaa wa miti iliyokatwa katika misitu ya Virunga anastahili methani hii sawasawa na boila ya bia. Lakini mpaka uliochorwa kwenye ramani haufiki mita 260. Maji yatakayorudishwa vibaya Makelele yataonekana kwenye vipimo vya Gisenyi, na yatakayorudishwa vibaya Rubavu yatafika Idjwi.

Siasa za nchi hizi mbili ni mbaya wakati huu ninapoandika, na sitarajii ziwa lizitibu. Ninachoomba ni kidogo. Takwimu za ziwa zinazopimwa Gisenyi ziwafikie wapimaji wa Goma mwezi ule ule zinapopatikana, na za Goma zifike Gisenyi vivyo hivyo, hata kama mpaka umefungwa. Na katika kila mkataba mpya wa gesi ya Kivu, wa Kigali au wa Kinshasa, kina cha bomba la kurudishia maji kiandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya megawati.